Mhandisi Anajibu: Intaneti ya Redio Juu ya Maji na Majabali ya Mwanza

Barua tulizopokea kutoka Mwanza na visiwa vyake zimekuwa nyingi kiasi kwamba safu yote ya toleo hili nimeipa kanda hiyo peke yake. Karibu kila mwandishi ananiuliza anunue kifaa gani, nami karibu kila mmoja nitamrudisha kwanza mahali pale pale: apande mwambani, asimame pale antena itakapokaa, na aitazame njia yote hadi upande wa pili kabla ya kuingia dukani. Mtandao wa nje unaoharibika ndani ya mwaka wake wa kwanza kwa kawaida umeharibiwa na nguzo, maji, radi au umeme, na ni mara chache sana redio yenyewe huwa na kosa.

Swali. Ndugu Mhandisi, kikundi chetu cha ushirika kina ofisi kwenye mteremko wa mlima huku Nyegezi, na ghala la dagaa ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema. Tukipima kwenye ramani ya satelaiti tunapata kilomita 7, na siku isiyo na ukungu tunaliona paa la ghala kwa macho. Ofisini tuna intaneti ya faiba, lakini ghalani mtandao wa simu hukatika mara kwa mara, hasa saa za kupokea mzigo. Fundi mmoja ametushauri tununue redio mbili zenye nguvu kuliko zote zilizopo dukani, kwa maelezo kwamba juu ya maji hakuna kizuizi. Je, tumfuate? *Katibu wa kikundi, Nyegezi.*

Jibu. Ndugu Katibu, naomba fedha za kikundi zibaki mahali zilipo mpaka muijue vizuri njia ambayo mawimbi yatapita. Ni kweli kwamba ziwani hakuna miti wala maghorofa, na kuliona paa la ghala kwa macho ni mwanzo mzuri, lakini kuonana kwa macho hakutoshi. Wimbi la redio halipiti kama uzi uliovutwa kutoka dishi moja hadi jingine. Linahitaji nafasi iliyo nyembamba kwenye ncha zake na pana katikati, ambayo wahandisi huiita eneo la Fresnel, kwa jina la Mfaransa Augustin-Jean Fresnel (1788–1827), mtu aliyechunguza kwa kina tabia za mawimbi ya mwanga. Kwa masafa ya gigahezi 5.8 na umbali wenu wa kilomita 7, nafasi hiyo katikati ya njia hutanuka kama mita 9.5 kila upande wa mstari, na kanuni inayofuatwa ni kuacha wazi angalau asilimia 60 yake, yaani mita 5.7 hivi. Mviringo wa dunia nao hula sentimita 70 nyingine katikati ya ghuba.

Tuseme antena ya ofisini itakuwa mita 60 juu ya usawa wa ziwa na ya ghalani mita 10. Katikati ya ghuba mstari wenu utakuwa juu kwa mita 35, na hapo hamna cha kuhofia. Mahali pa kuchunguza ni mita mia chache za mwisho karibu na ghala, ambako mstari umeshuka sana na mwembe mmoja ulioachwa ukue miaka michache unaweza kuuziba. Mkienda kupima, tazameni miti ilivyo leo, kisha waulizeni wenyeji inakua kwa kasi gani, na kama kuna mtu anayekusudia kuongeza ghorofa au kujenga tangi la maji mbele yenu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo fundi wenu hakulitaja, nalo ndilo gumu kuliko yote katika mtandao wa kuvuka maji. Uso wa ziwa lililotulia hurudisha sehemu kubwa ya mawimbi ya redio yanayoufikia kwa pembe ndogo. Antena ya ghalani kwa hiyo itapokea wimbi lile lile mara mbili, moja likija moja kwa moja na jingine likiwa limegonga maji kwanza, na kwa kuwa njia hizo mbili hazilingani kwa urefu, mawimbi hayo ama yatasaidiana ama yatafutana. Urefu wa wimbi katika gigahezi 5.8 ni kama sentimita 5.2 tu, kwa hiyo tofauti ndogo ya njia inatosha kugeuza mambo. Kwa mfano wa mita 60 na mita 10, kupandisha au kushusha antena ya ghalani kwa mita 1.5 kunaweza kuitoa mahali ambapo mawimbi yanafutana na kuiweka mahali ambapo yanasaidiana. Ndiyo maana mafundi wawili wanaweza kufunga kifaa kile kile kwenye nguzo ile ile, mmoja akasifiwa na mwingine akalaumiwa, ilhali kilichowatofautisha ni urefu ambao kila mmoja alifungia.

Ziwa lenyewe pia halitulii mahali pamoja. Waliokuwa mwambaoni mwaka 2020, na tena mwaka 2024, wanakumbuka maji yalivyopanda hadi kuingia kwenye makazi na mialo. Maji yakipanda kwa mita 1, tofauti ya njia katika mfano wetu hubadilika kwa takriban sentimita 2, yaani zaidi ya theluthi moja ya urefu wa wimbi, na antena iliyofungwa mahali pazuri kabisa itajikuta inaelekea pabaya bila mtu kuigusa. Kwa sababu hiyo nawashauri msijenge mtandao unaotegemea bahati ya kuipata sentimita sahihi siku ya kufunga. Jengeni ule unaozuia wimbi lililogonga maji lisifike kabisa, au lifike likiwa dhaifu.

Jiografia yenu inawasaidia katika hilo. Mahali wimbi linapogonga maji hutegemea urefu wa antena mbili: kadiri moja inavyokuwa juu na nyingine chini, ndivyo mahali hapo panavyosogea kuelekea ile ya chini. Kwa mita 60 na mita 10, pigo linatua kilomita 1 hivi kutoka antena ya ghalani, bado majini. Kama mlimani mnaweza kupata sehemu iliyo mita 100 juu ya ziwa, na antena ya ghalani ikashushwa hadi mita 8, pigo litakuwa umbali wa nusu kilomita tu. Mkiirudisha antena hiyo bara kwa umbali kama huo, pigo litaangukia kwenye vichaka na mawe ya ufukweni, ambako wimbi hutawanyika badala ya kurudi likiwa zima, ila mhakikishe kwamba vichaka hivyo haviingii kwenye eneo la Fresnel nililolieleza. Njia ya pili, na kwa majabali ya Mwanza ndiyo ninayoipenda zaidi, ni kutafuta jabali au ukingo wa jengo mbele ya antena ya mlimani, usimame mahali ambapo unaiona ng'ambo vizuri lakini maji ambayo pigo lingetua yamefichwa na jabali hilo. Fundi mvumilivu akitembea juu ya mwamba na darubini kwa nusu saa anaweza kuipata sehemu hiyo bila gharama yoyote.

Kuhusu nguvu ya redio, fundi wenu ameanza na jambo ambalo sheria haimruhusu kuliamua. Masafa ya Wi-Fi yana kikomo cha nguvu inayotoka kwenye antena, na kikomo hicho huhesabu redio na dishi kwa pamoja. Masharti ya Tanzania yapo kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Tuchukue kikomo cha dBm 30, ambacho ni wati 1, kama mfano wa hesabu (dBm ni kipimo cha nguvu ya redio, na desibeli huhesabu kiasi kilichoongezeka au kupungua). Wimbi likisafiri kilomita 7 kwa gigahezi 5.8 hupoteza karibu desibeli 125. Dishi dogo la kupokea, la sentimita 30 hadi 40, huongeza desibeli 23, kwa hiyo ghalani mtapata takriban dBm -72. Mkiweka dishi la sentimita 65 hivi, lenye desibeli 30, mtapata dBm -65. Tofauti hiyo ya desibeli 7 imekuja bila kuongeza hata chembe ya nguvu inayorushwa hewani, kwa sababu dishi kubwa hukusanya zaidi linapopokea, na pia hukataa kelele za redio zinazotoka pembeni. Kwa mtandao wa kuvuka maji nataka kuona akiba ya desibeli 20 juu ya kiwango ambacho redio inaanza kushindwa kusoma, na akiba hiyo itoke kwenye madishi.

Dishi kubwa lina sharti lake. Miale ya dishi la sentimita 65 ina upana wa nyuzi 6 tu hivi, na bomba jembamba linaloyumba upepo wa ziwani ukivuma litaipoteza shabaha mara kwa mara. Tumieni bomba nene la chuma lililopakwa zinki, lifungwe ukutani kwa vishikio viwili au vitatu, au lizamishwe kwenye zege, na kama linapita mita 3 juu ya kishikio cha mwisho livutwe kwa nyaya pande tatu. Siku ya kulenga, watu wawili wawe kwenye simu, kila mmoja upande wake. Asogeze mmoja kwa wakati mmoja, polepole, avuke kilele cha mawimbi hadi yaanguke kisha arudi, kwa sababu kila dishi lina miale midogo ya pembeni, na fundi mwenye haraka akiikuta hiyo ya kwanza hukaza boliti akidhani amemaliza. Mkiwa na vipimo vyenu vya hesabu mkononi mtajua: ukitarajia -65 ukapata -82, bado hujafika.

Chaneli iwe ya upana wa megahezi 20, au 40 kama hewa yenu ni tulivu. Kila mnapozidisha upana mara mbili mnakaribisha kelele mara mbili, na kwa mzigo wa ghala, yaani hesabu, picha za stakabadhi na simu za video mara chache, megahezi 20 zinatosha kabisa. Baada ya kufunga, msitangaze kwamba kazi imekwisha. Acheni redio ziandike viwango vyake usiku na mchana kwa wiki mbili, maana hewa juu ya maji hupinda mawimbi tofauti alfajiri na jioni, na tatizo ambalo halionekani saa 5 asubuhi linaweza kujitokeza saa 11 alfajiri, wakati ambapo mzigo wenu unaingia.

Swali. Shule yetu ya sekondari iko Bwiru, kwenye eneo lenye majabali na miembe mingi. Tunataka Wi-Fi ifike madarasani, maktaba, bwalo na uwanja wa kati. Kamati inapendekeza antena moja kubwa juu ya paa la utawala, yenye nguvu ya kufika kote. Mimi ninaogopa, lakini sina hoja ya kuwapa. *Mwalimu wa TEHAMA, Bwiru.*

Jibu. Mwalimu, hofu yako ina msingi, na hoja ni hii: mawasiliano ya Wi-Fi yana pande mbili. Antena kubwa inaweza kupiga kelele ikasikika hadi getini, lakini simu au kompyuta ndogo ya mwanafunzi ina antena ndogo sana na betri ndogo, na lazima nayo isikike inapojibu. Mwanafunzi ataona mistari yote imejaa kwenye simu yake, huku ukurasa haufunguki. Zaidi ya hapo, kituo kimoja, yaani kifaa kinachorusha Wi-Fi, humhudumia mtumiaji mmoja baada ya mwingine kwa zamu za haraka, kwa hiyo wanafunzi 200 kwenye kituo kimoja watagawana kitu kidogo kisichomtosha yeyote. Vituo vidogo vingi, kila kimoja na nguvu ya wastani, ndivyo vinavyofanya kazi shuleni.

Bati la paa halipitishi mawimbi ya redio, kwa hiyo kituo kilichowekwa juu ya paa hakitawafaa walio chini yake. Weka kituo kimoja ndani ya kila jengo, na kwa uwanja kiwekwe nje, ukutani chini ya ukingo wa paa, kikiangalia uwanja. Gigahezi 2.4 hupenya majani na kuta vizuri kidogo kuliko gigahezi 5, ila ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na majirani zenu wa Bwiru wanazitumia pia. Miembe iliyolowa mvua humeza mawimbi yote mawili. Usipange njia yoyote muhimu ipite katikati ya majani yake, hata kama siku ya kupima kulikuwa kukavu na kila kitu kilifanya kazi.

Kati ya jengo na jengo ndipo pa kufikiri sana. Kebo ya kawaida ya shaba ya mtandao ina mwisho wa mita 100, na hata ndani ya umbali huo, kebo ya shaba inayounganisha majengo mawili ni njia ya radi kutoka moja kwenda jingine. Faiba haipitishi umeme. Panapowezekana kuchimba, ingawa najua kuchimba Bwiru mara nyingi ni kuchonga mwamba, lazeni faiba ndani ya bomba la plastiki. Pasipowezekana, ipitisheni hewani kwenye nguzo, au wekeni redio mbili ndogo za paa kwa paa. Redio za gigahezi 60 zinafaa kwa umbali mfupi wa ndani ya shule, kwa kuwa hewa na mvua huzizima haraka zikienda mbali, na kwa sababu hiyo hiyo haziwasumbui majirani.

Vituo vyenyewe hupata umeme kupitia kebo ya mtandao. Kiwango cha 802.3af hutoa hadi wati 15.4 kwenye tundu la swichi na 802.3at hutoa hadi 30, ila kuna vifaa vya bei nafuu vinavyotumia volti 24 kwa utaratibu wao wenyewe, na kuvichanganya na swichi isiyo yake kunaweza kuviua. Sokoni utauziwa pia kebo ya alumini iliyopakwa shaba juu. Ni rahisi, inavunjika, na inapoteza umeme njiani, ikatae. Kwa nje chukua kebo nyeusi inayostahimili jua, yenye ngao ya chuma, na kabla haijaingia kwenye kifaa au ukutani ipindwe kwenda chini kidogo kisha ipande, ili maji ya mvua yadondokee hapo. Nywila za kiwandani zibadilishwe siku hiyo hiyo, na katika mipangilio ya usalama wa Wi-Fi chagua WPA2 au WPA3.

Swali. Shikamoo Mhandisi. Mimi ni fundi kijana, ninafunga mitandao hapa Nansio na vijiji vya Ukerewe. Mteja wangu mmoja ameunguziwa redio na ruta na radi mara mbili, zote usiku. Nimeweka fimbo ya shaba, lakini ilipofika sentimita 40 iligonga mwamba ikakataa. Nifanye nini? *Fundi, Nansio.*

Jibu. Marahaba, kijana wangu. Umefanya vizuri kuuliza, kwa sababu unafanya kazi katika mojawapo ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, hewa ya kutoka pande zote za ziwa hukutana juu ya maji yenye joto, hupanda, na kujenga mawingu ya dhoruba yanayopiga kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Wavuvi wanalijua hilo kuliko sisi. Redio ya mteja wako haikuungua usiku kwa bahati mbaya, na itaungua tena tusiporekebisha ardhi, yaani njia ya kuupeleka umeme wa radi udongoni.

Fimbo ya sentimita 40 juu ya mwamba haifanyi kazi. Graniti haipitishi umeme vizuri, na ukiendelea kuitwanga fimbo utaipinda tu. Acha kwenda chini, nenda kwa upana. Chimba mitaro mitatu au minne yenye kina cha nusu mita, ikitoka kwenye mguu wa nguzo kuelekea pande tofauti, ukifuata mifuko ya udongo iliyo kati ya mawe na hasa sehemu inayobaki na unyevu, kama chini ya kutoka maji ya paa. Laza humo utepe wa shaba, pigilia fimbo fupi popote udongo unapokubali, ziunganishe zote, kisha fukia kwa udongo wa mfinyanzi. Ukipata bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi, ni bora zaidi, maana hushika maji. Wengine humwaga chumvi. Mvua huiosha, na inachobakiza ni kutu kwenye viungo vyako. Azima kipimo cha ukinzani wa ardhi, na uendelee kuongeza utepe na fimbo hadi ufike chini ya omu 10.

Halafu, na hapa ndipo mafundi wengi wanapoishia njiani, unganisha ardhi hiyo na ardhi ya umeme ya jengo kwa waya mnene. Ukiwa na ardhi mbili zisizojuana, radi ikipiga karibu moja itapanda volti maelfu kuliko nyingine, na njia pekee iliyo kati yao itakuwa kebo yako ya mtandao, ikipita ndani ya redio na ruta. Inawezekana sana kwamba ndivyo ilivyotokea kwa mteja wako, hata kama nguzo yenyewe haikupigwa.

Juu ya nguzo weka ncha ya chuma inayoipita antena, kiasi kwamba antena ikae ndani ya pembe ya nyuzi 45 kutoka kwenye ncha hiyo. Waya wa kushuka uwe mnene, unyooke, usikunjwe kona kali, kwa kuwa radi huruka kwenye kona. Weka kinga ya radi kwenye ncha zote mbili za kebo, moja karibu na redio na nyingine pale kebo inapoingia nyumbani, zote zikiwa zimeunganishwa na ardhi. Kama mteja ana uwezo, kata shaba kabisa: kutoka kwenye sanduku la nguzo hadi ndani pita na faiba fupi yenye vigeuzi viwili vya kuiunganisha na kebo ya mtandao, kimoja kila ncha, na redio ilishwe na betri yake iliyo kwenye sanduku hilo hilo. Pigo moja kwa moja linaweza kuiua redio hata hivyo, lakini halitaingia nyumbani kwa watu.

Tena, ukiwa juu ya nguzo ukasikia ngurumo, hata ya mbali sana, shuka. Usipande tena mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho, hata mteja akikuhimiza. Mwambie kwamba mimi ndiye niliyekukataza.

Swali. Nakaa Ilemela, si mbali na uwanja wa ndege. Nataka kusimika mlingoti wa mita 18 nyumbani na kuwauzia majirani Wi-Fi kutoka kwenye laini yangu ya faiba. Vifaa vya Wi-Fi si vinaruhusiwa kwa kila mtu? *Mfanyabiashara, Ilemela.*

Jibu. Kutumia Wi-Fi nyumbani na kuuza huduma ya mawasiliano kwa umma ni mambo mawili tofauti mbele ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Ukishapokea malipo kwa majirani unahitaji leseni ya TCRA, na ofisi yao ya Kanda ya Ziwa iko hapo hapo Mwanza. Nenda ukaulize ni aina gani inayokuhusu kabla hujachukua shilingi ya mtu. Soma pia mkataba wako wa faiba, kwa sababu laini ya nyumbani kwa kawaida haikuruhusu kuiuza upya. Vifaa viwe vimeidhinishwa na TCRA, na katika mipangilio ya redio chagua nchi ya Tanzania, usichague nchi nyingine ili upate nguvu zaidi. Katika sehemu ya gigahezi 5 kuna masafa ambayo redio inapaswa kusikiliza kwanza kama kuna rada na kuyaacha ikiikuta. Kukizima kipengele hicho ni kuingilia vyombo ambavyo maisha ya watu yanavitegemea.

Mlingoti nao, kwa mahali ulipo, usichimbiwe shimo kabla hujapata jibu la maandishi la Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, kuhusu urefu unaoruhusiwa. Mita 18 zinaweza kuonekana fupi kwa mtu aliyesimama chini. Kwa rubani anayeshuka usiku kutokea ziwani ni jambo jingine kabisa, na hapo hakuna hoja ya biashara ninayoweza kuipokea. Tafuta jabali lililo juu zaidi, mbali na njia ya ndege, na mlingoti wa mita 4 unaweza kukutosha.

Swali. Zahanati yetu ipo Kisiwa cha Kome. Tumepewa redio moja ya nje, kituo kimoja cha Wi-Fi na ruta, lakini umeme si wa uhakika. Sola ya ukubwa gani itatosha kwa saa 24? *Muuguzi, Kome.*

Jibu. Dada Muuguzi, soma wati zilizoandikwa kwenye kila kifaa. Tuseme redio ni wati 8, kituo wati 7 na ruta wati 5, jumla wati 20. Kwa saa 24 ni wati-saa 480. Vuli na masika zinaweza kuwaletea siku mbili za mawingu mfululizo, kwa hiyo wekeni akiba ya wati-saa 960. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara hufa mapema, kwa hiyo mtahitaji mbili. Betri moja ya lithiamu ya ukubwa huo huo itatosha, na nadhani kwa zahanati ndiyo nafuu ukihesabu miaka mitano. Paneli iwe ya wati 200. Vifaa hivi visichangiwe betri na friji ya chanjo wala taa, kila kimoja kiwe na mfumo wake.

Kwa kuwa Kome iko karibu sana na ikweta, paneli ingeweza kulala karibu bapa, ila iinamisheni nyuzi 10 kuelekea kaskazini ili mvua ioshe vumbi na kinyesi cha ndege. Sanduku la betri liwe na matundu ya hewa yaliyofunikwa kwa wavu mwembamba, maana mawingu ya wadudu wa ziwani yakiingia huziba kila kitu ndani ya usiku mmoja, na mpangeni mtu wa kuupangusa wavu huo kila juma.